Bustani ya Wananchi Kando ya Mto Morogoro

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Machi 1994. Kiwanja chetu kando ya Mto Morogoro kilikuwa kijani.

Nilisimama langoni nikacheka peke yangu.

Sikilizeni. Pale palikuwa kinamasi. Bosi wangu, Kanubhai, alipajaza kifusi na udongo mwekundu pawe pa kupumzikia: mabenchi, bembea, soda baridi. Wakubwa wa mji walimpa eneo kwa sharti moja: siku ya ufunguzi liwe kijani.

Ufunguzi ni Jumamosi. Ukoka niliopanda ulishaungua wote na jua la Februari.

"Castory, pasipoota kitu, tafuta kazi nyingine," Kanubhai aliniambia. Kisha yeye akaenda Dar kufuatilia majokofu, mimi Ngerengere kumuuguza mama, wiki tatu.

Kazi nyingine ipi? Kiwanda nilichofanyia kazi zamani kilishatupunguza. Nusu ya mtaa ilikuwa inauza mitumba, nusu nyingine inaitazama.

Basi nikausogelea ule ukijani.

Mchicha.

Matuta kwa matuta, mpaka chini ya bembea. Akina mama kutoka milima ya Uluguru wanamwagilia kwa makopo, soga limekolea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, limebaki tuta la kule mwisho," alisema mkubwa wao, Bi Bernadeta.

"Mama, hii ni bustani!"

"Kwani sisi tumelima nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamgeukia Petro, mlinzi. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Walinionyesha ubao, kaka. Wamealikwa."

Ubao ulisema: BUSTANI YA WANANCHI. KARIBUNI NYOTE. Neno "mapumziko" halikuenea, mchoraji akaliruka. Na mama wa Uluguru ukimtajia bustani, anajua mboga. Fundisho nalitoa hapa hapa: ukibania neno, usimlaumu msomaji.

"Jamani ng'oeni, nitafukuzwa kazi!"

"Tunachuma Jumamosi," alisema Bi Bernadeta. "Ukiwa na njaa, njoo."

Jumamosi Kanubhai alishuka garini, akatazama matuta. Nikajua nimekwisha.

Mgeni rasmi, mmoja wa wale wakubwa waliotoa eneo, akainama, akachuma jani, akaligeuza.

"Tulisema kijani," akamwambia Kanubhai. "Hiki ni kijani. Nafungua."

Mke wa mgeni rasmi alikuwa ameshafika kwa Bi Bernadeta, anachagua mafungu.

Kanubhai akanivuta pembeni.

"Castory, Jumatatu saa moja, kazini."

"Kufanya nini, bosi?"

"Njoo na jembe."