Jino Langu Si Dhahabu

Jamani, leo mwanangu amemuuliza daktari kama jino langu linaweza kung'olewa nikishakufa.

Nami nimekaa pale pale kwenye kiti, mdomo wazi!

Ni jino la kupandikiza. Skrubu yake imekaa ndani ya taya mwaka wa ishirini sasa. Kofia ya juu tu ndiyo iliwahi kubadilishwa.

Daktari ametazama picha, akacheka. "Mwalimu, moyo umechoka, figo zimechoka, lakini skrubu hii haijatikisika. Endelea tu kusafisha fizi."

Mwanangu huyo, Masanja, mchimbaji wa dhahabu Geita, habari ya moyo hakuisikia.

"Sasa dokta, hiyo dhahabu ya ndani ina gramu ngapi?"

"Dhahabu gani, kaka? Hii ni titani, metali ya kawaida tu. Sonara atakufukuza."

Masanja akanigeukia. "Baba?"

Nikafunga mdomo. Nilikuwa nimechelewa.

Ndiyo, nilidanganya. Majirani wa Ngokolo waliniuliza nimewekewa nini, nikajibu dhahabu, kwa majivuno tu. Mwalimu mzima! Mama Masanja amekufa akiwasimulia watu. Mimi sitaki kwenda kaburini na uongo huo, ndiyo maana naandika hapa kwenye kundi letu, ukoo wote usome.

Lakini nimeudhika! Kila akija kunisalimia alikuwa ananitazama mdomoni, nami nikidhani ananisikiliza.

Tumerudi nyumbani. Baadaye akaja mlangoni, akasimama.

"Baba, umekula?"

Hajawahi kuniuliza hivyo tangu niugue.

Nimekula, mwanangu. Kwa jino hilo hilo.

Niambieni, nicheke au nilie?