Msiba wa Dada Skola

Nasema mapema: anayetaka kumhurumia dada yangu, aache. Huruma ya Mtaa wa Sikukuu tuliipata ya kutosha, tena ilikuja na sukari.

Dada Skola, jina la ubatizo Scholastika, alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani kwa Bi Amna, mwenye nyumba wetu hapo Kariakoo, na sketi za shule za mtaa mzima zilipita mikononi mwake. Na alikuwa anakunywa. Simung'unyi maneno. Asubuhi alikunywa gongo ili mikono itulie apate kutunga uzi kwenye sindano, mchana akanywa kwa sababu alikunywa asubuhi. Ndugu zetu wa Songea walisema amerogwa. Padri alisema azidi kusali. Mganga mmoja wa Magomeni alimchanja chale, akala na kuku wetu. Nikimfungia ndani mimi, mdogo wake Hyasinta, anatokea dirishani, mtu mzima na mwili wake ule.

Sasa, sisi Wangoni, na Wahehe ni watani zetu. Mtani akikutukana, hununi. Na kwenye msiba ndiye anayemwigiza marehemu, alivyotembea, alivyogomba, mpaka wafiwa wacheke. Mtani wetu pale mtaani alikuwa Aristides, fundi viatu, Mhehe mwenye mdomo mchafu kuliko jalala la sokoni. Alimpenda dada, kwa ushenzi wake huo huo.

Jumamosi moja adhuhuri alimkuta Skola chumbani amezima kabisa, mdomo wazi. Akamwita, wapi! Basi akatandika mkeka mlangoni, akavua viatu, akajishika kichwa.

"Skola weee! Umetuacha na nguo hazina pindo! Nani atapepesuka mtaani sasa?"

Akainuka, akaigiza mwendo wa dada, akakumbatia nguzo ya baraza akiiomba radhi kwa kuigonga. Alitaka dada aamke, aone aibu, amtukane. Dada hakuamka. Majirani ndio waliokuja.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ya sabuni. Kurudi, nakuta ukumbi umejaa watu! Roho iliniruka. Wanawake wamejitanda khanga, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinyimvua, anapanga nani waende kuchimba kaburi. Bi Amna amekwisha bandika sufuria la chai, na watu wameleta sukari. Sukari, miaka ile! Kilo moja uliipangia foleni tangu alfajiri. Aristides yuko kwenye mkeka, macho yamemtoka, mzaha umemshinda nguvu. Kila akisema, "Jamani, huu ni utani," wanamwambia, "Lia, baba, usijikaze."

Na hao wanajua utani, nasikia hasira mpaka leo. Majirani zetu Wazaramo wana watani wao, wamewaona misibani tangu wamezaliwa. Angekuwa analiliwa mtu mwingine yeyote, wangecheka, wangechungulia ndani kwanza. Kwa Skola waliamini papo hapo.

Zile kelele zilimwamsha. Nilimwona mimi peke yangu, vidole vyake vimeshika pazia la mlango, amesimama nyuma yake anasikiliza.

"Bora amepumzika," mmoja akasema.

"Na sisi tumepumzika," akajibu mwingine.

"Cherehani ataichukua nani?"

Dada akatoka. Lo! Kulikuwa na mayowe pale. Bi Amna alimwaga chai yote, na mzee mmoja akaruka baraza kama kijana.

"Mtani simlaumu," dada akasema, sauti inakwaruza. "Yeye kafanya kazi yake. Lakini nyinyi! Nimesikiliza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimekufa na nini."

Mzee Mwinyimvua akakohoa. "Tunamshukuru Mungu, mwanangu. Sasa, kuhusu ile sukari..."

"Chukueni sukari yenu!"

Wakachukua, bwana wee! Kila mtu na kifuko chake, na mmoja alikipima mkononi kama hakikupungua.

Walipoondoka, dada alinigeukia. "Niletee gauni la kanisani. Naenda Muhimbili."

"Kwa vichaa?" nikanong'ona. Wakati ule mlevi alipelekwa wodi ya vichaa kafungwa kamba.

"Kwa vichaa. Tena sema kwa sauti, Bi Amna asikie."

Aristides alitaka kumpakia kwenye baiskeli. "Kaa na msiba wako," dada akamwambia, tukaenda kwa miguu.

Muuguzi wa mapokezi aliniangalia mimi. "Nani kamleta mgonjwa?"

"Nimejileta," dada akasema. "Mimi mlevi. Nataka kuacha na peke yangu nimeshindwa."

Daktari hakumhubiria. Alisema huo ni ugonjwa, na mwili uliozoea kiasi kile ukikatiwa pombe ghafla bila uangalizi, mtu anaweza kufa. Kufa! Na mtaa mzima ulikuwa ukimwambia aache tu! Wakamlaza. Alitoka jasho, akaona wadudu ukutani, akawatukana wauguzi kwa Kingoni. Walimchoma sindano, wakamnywesha uji, na alipotulia daktari akawa anakaa kando ya kitanda chake wanazungumza. Mimi niliogopa sana siku zile.

Siku ya kutoka walimpa vidonge na tarehe ya kurudi kliniki. Nilikuwa na khanga ya kumfunika, na nilitaka tupite vichochoroni.

"Nimeiba?" akaniuliza.

Tukapita Faya, pale kwenye zimamoto, tukaingia Mtaa wa Msimbazi, jua la saa saba, yeye mbele, anasalimia kila mtu. Wengine waliitikia, wengine waligeukia bidhaa zao. Karibu na nyumbani, mama aliyekuwa akimuuzia gongo alikuwa mlangoni kwake, glasi mkononi.

"Skola! Karibu kidogo, nikupongeze. Hii bure."

Dada akasimama. Akaitazama ile glasi. Nikamshika mkono.

"Niache," akasema. "Ukinishika leo, utanishika kila siku."

Nikamwachia. Sijawahi kuogopa kiasi kile.

"Sitaki," akamwambia yule mama. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Sitaki!" Akaondoka.

Mlangoni kwetu mikono ilikuwa inamtetemeka hata ufunguo haukuona tundu la kufuli. Uligonga huku, ukagonga kule, ukaanguka, akauokota. Wapangaji wakatoka kutazama. Nikanyoosha mkono kumsaidia, akanipiga jicho, nikaurudisha. Nilisimama pale ukumbini nalia mbele za watu, mpaka alipofungua mwenyewe.