Jumamosi Usimpeleke Dorcas

Mwanangu Ntumba, mtoto wa kaka yangu, ipo siku moja ambayo sijaisahau, na wewe unajua kwamba mimi husahau kila kitu. Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Lubumbashi kutoa hotuba, nikafika, nikagundua hotuba imebaki Kolwezi juu ya meza. Jana nimeunguza maharagwe mpaka jirani akaja kugonga mlango. Nina shahada ya chuo kikuu. Imo ndani ya nyumba hii, mahali fulani.

Lakini siku ile naikumbuka, na nitakusimulia, kwa sababu jana ulinipigia simu ukaniambia, kwa sauti ya mtu anayepanga kwenda sokoni, kwamba Jumamosi utampeleka binti yako Dorcas kwenye chumba cha maombi. Watamfungia humo siku kadhaa bila chakula ili kitoke kile kilichomwingia. Mtoto wa miaka saba! Kosa lake ni kwamba hatulii darasani, anapoteza kalamu, anaanza sentensi na kuiacha katikati kama nyumba ya mtu aliyeishiwa saruji. Nilitaka kukujibu palepale. Nilishindwa kwa hasira, na maharagwe nayo yalikuwa yameanza kunuka.

Basi sikiliza.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikaa Kapata, mtaa wa hapa Kolwezi nilikorudi miaka mingi baadaye, katika nyumba ya kampuni. Babu yako alizaliwa hapohapo. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, kwa hiyo Kasai yenyewe sisi tuliijua kwa kusimuliwa. Kisha kampuni ikaanza kuanguka, mishahara ikakatika, na wanasiasa wakawaambia watu kwamba shida yote inatoka kwetu sisi watu wa Kasai. Tuliitwa bilulu, yaani wadudu. Watu tuliokuwa tukiazimana nao chumvi walisimama barabarani wakisema bilulu barudi kwao. Tulifunga tulichoweza kubeba, tukaenda kulala stesheni pamoja na umati wa wenzetu, tukingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini.

Pale stesheni kila mtoto alipewa kazi. Kaka yangu, baba yako, aliambiwa akae juu ya mizigo, na alikaa kweli. Hata leo ni mtu wa kukaa. Mimi nilipewa foleni ya maji. Bomba lilikuwa moja, foleni haikuwa na mwisho, na kazi yenyewe ilikuwa kusimama na bidoni letu, dumu la njano, na kulisukuma kwa mguu kila watu waliposogea. Walikuwa wamenitafutia kazi moja tu duniani nisiyoiweza.

Mara ya kwanza niliacha foleni kwenda kumtazama fundi akiziba tairi la baiskeli. Safari nyingine sikumbuki niliondokea nini. Mwishowe nikamkuta mama mmoja anamsuka mwenzake nywele, nikasimama hapo mpaka kichwa kizima kikaisha. Niliporudi, bidoni halikuwepo. Hatukuwa na jingine, na mama yangu alikuwa amempakata mtoto mchanga anayeharisha. Babu yako alinichapa. Bidoni halikurudi, na mimi sikubadilika.

Jirani yetu pale chini alikuwa mhubiri mmoja, Tata Kazadi, yaani Baba Kazadi, mtu mpole aliyenyang'anywa nyumba kama sisi. Jioni alisogea karibu na babu yako.

"Tata, huyu mutoto hapana wa bure. Unamwambia kitu, macho inakuangalia, mwenyewe hayuko. Kuko mwengine ndani. Treni haikuye juu yake." Yaani treni haiji kwa sababu yangu.

"Hata mi niliona," alidakia mama wa pembeni. "Usiku analala anaongea-ongea."

Mchana pia nilikuwa naongea-ongea, lakini hilo hawakulihesabu.

Tata Kazadi akasema iko familia ya sala mjini, wenyeji wasiofukuzwa, watakaonipokea, wanifungie na kuniombea.

"Na treni ikikuya mbele hajarudi?" babu yako aliuliza.

"Ikikuya, Mungu atajua ya kufanya."

Babu yako alimtazama mama, akamtazama mtoto mgonjwa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bon. Kesho asubui."

Nilikuwa nimekaa palepale. Watu wazima hudhani mtoto asiyetulia hasikii. Katika utoto wangu wote, hayo ndiyo mazungumzo pekee niliyoyafuata tangu mwanzo hadi mwisho.

Kaku, yaani nyanya yangu, mama yake babu yako, alikuwa amelala mkekani, kitenge usoni. Akakivuta pembeni.

"Rudilia," akamwambia mwanawe. "Mi sikusikia muzuri."

"Mama, ni ya siku kidogo tu..."

"Rudilia lile jina balituita kule Kapata."

Akalitaja mwenyewe.

"Bilulu. Balisema mushahara imekufa juu ya bilulu. Bilulu batoke, makuta ya mushahara itarudi. Ilirudi?" Akamgeukia mhubiri. "Na we, Tata Kazadi. Balikufukuza mu nyumba yako juu ya maneno ya hivi. Haujafika hata kule banakutuma, tayari unatafuta wa kufukuza. Treni haikuye juu mafuta hakuna. Hata batoto banajua ile."

Tata Kazadi alirudi kwenye mkeka wake. Kaku akanitazama mimi, nikadhani sasa huruma imefika.

"Na we unanichokesha. Bidoni ilikuwa yangu."

Asubuhi aliazima sufuria, akanishika kidevu mpaka macho yetu yakakutana. "Unaenda wapi?" Kwa maji. "Utasimama wapi?" Nyuma ya mama wa kitambaa chekundu. "Akisogea?" Nasogea. Kazi moja, nayo niirudie kwa mdomo wangu. Baada ya muda mfupi alimtuma baba yako anipokee zamu, nami nikaachiwa nikimbie kandokando ya reli mpaka nichoke, kisha nirudi kwenye foleni. Maji yalifika. Si kila mara. Kuna siku niliyamwaga yote miguuni mwa askari. Kaku alikasirika kila siku, mwanangu, na hakunitupa hata siku moja. Treni ilipofika, tulipanda wote, na mtoto mchanga akiwa hai mgongoni mwa mama.

Sasa tuje kwa hicho kilichomwingia Dorcas. Mimi si daktari. Nilisomea fasihi, elimu inayomwezesha mtu kukosea kwa sentensi nzuri. Lakini nimesoma, na nimeuliza wanaojua. Ofisini kwa babu yako kulikuwa na simu. Siku za mwisho za kampuni alikuwa akipiga Nzilo, kwenye bwawa, kuulizia umeme, na katikati ya maneno anawasikia watu wa mji wa Kisenge wakigombania mahari. Hakuna aliyesema simu ina bulozi, yaani uchawi. Laini moja ilikuwa kazini na nyingine haikunyamaza.

Ubongo nao una sehemu zinazopelekeana habari. Ile ya kuota mchana inatakiwa kupunguza sauti pale ile ya kazi inapoanza. Wataalamu waliopiga picha bongo za watoto wengi wasioweza kutulia wameona kwamba, kwa wastani, mawasiliano ya sehemu hizo hutofautiana kidogo na ya watoto wengine. Nasema kidogo, na wenyewe bado wanabishana. Hakuna picha itakayokuambia habari za Dorcas peke yake. Daktari atamtazama, atakuuliza wewe na mwalimu, atapima masikio, macho na usingizi wake. Na mfano wangu wa simu usiuvute mbali: mtoto si kampuni iliyoanguka. Bado anakua, na njia zake zinakua pamoja naye. Njaa haizinyooshi. Kufungiwa gizani hakuzinyooshi. Kunamfundisha tu kwamba mama yake anaweza kumtupa.

Kwa hiyo, mwanangu, mtume jambo moja kwa wakati mmoja. Mguse, akutazame, alirudie. Mwache akimbie kabla ya kumwambia akae. Mpeleke hospitali akaonwe na daktari wa watoto, nitakwenda nanyi. Ukichoka, choka, kasirika, uje upige kelele kwangu. Kumlea mtoto wa namna hii kunachosha, muulize Kaku kaburini. Lakini usimtafutie jina la kumfukuzia. Ukoo wetu unajua jina la aina hiyo linampeleka mtu wapi.

Mungu akupe pumzi ndefu kuliko hasira yako, na ampe Dorcas mtu wa kumshika kidevu kila asubuhi. Jumamosi mlete hapa kwangu. Usipokuja, nitakuja mwenyewe kumchukua, na sitasahau: nimemwambia jirani yule wa maharagwe anishike kidevu Ijumaa jioni, na anifanye nirudie.