Bawa la Mahameli

Niliiba bawa la kuku. Si kuku wa nyama. Huyu alikuwa kuku wa kitambaa, ameshonwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha watoto, na bawa lake lilikuwa la mahameli nyekundu. Nimelikana jambo hili kwa karibu miaka arobaini, mbele ya baba, mbele ya mwalimu, na hata mbele yangu mwenyewe, mahali ambapo nilipaswa kuwa hakimu na nikachagua kuwa wakili. Katika miaka hiyo nimejijengea jina dogo la mtu anayependa vitu vya mkono. Nimeandika makala ndefu kusifu sindano na uzi, gauni zangu zote zina fundi ninayemjua, na sebuleni nina rafu nzima ya vitabu vya watoto vilivyoshonwa na kufumwa. Wageni huniambia nina jicho. Sijawahi kuwaambia kwamba jicho hilo lilianza na mkasi.

Juzi nilipita kwenye shamba la chai nililokulia, si mbali na Litein. Laini zetu, zile safu za nyumba za wafanyakazi, zimebomolewa. Mashine ndizo zinazovuna majani sasa, na mashine haihitaji kitanda wala jiko. Wewe ungeona kijani kizuri cha kalenda. Mimi nilikuwa natafuta mlango wetu.

Mlango huo ulitazamana na wa jirani yetu, mama aliyekuja na mumewe kutoka upande wa ziwa. Saa nane mvua ilikuwa ikinyesha kana kwamba imeandikwa kazi, mara nyingine na mawe yaliyopiga mabati hadi tukawa tunazungumza kwa vidole. Kutoka kwake ilikuja harufu ya omena, na kutoka kwetu harufu ya mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa makaa.

"Jirani, samaki wako wananiangalia," mama yangu alikuwa akimwambia.

"Waache waangalie. Maziwa yako nayo si yamevaa masizi?"

Kisha wanabadilishana bakuli na kula.

Huyo jirani alikuwa na mikono myeusi kwa utomvu wa chai, na mikono hiyohiyo ilitengeneza vitabu. Kurasa zilikuwa za magunia ya unga yaliyofuliwa hadi yakawa laini, picha zilikuwa za leso kuukuu, macho yalikuwa vifungo vya shati. Kusoma hakujua. Mwalimu wetu wa nasari alimwandikia maneno kwa penseli, naye akayafuata kwa uzi, herufi moja moja. Kitabu nilichokipenda kilikuwa cha kuku aliyepoteza kifaranga. Anamuuliza bata, anamuuliza ng'ombe, na ukurasa wa mwisho unainua bawa la mahameli, lililotoka kwenye pazia kuukuu la nyumba ya meneja, na kifaranga yuko hapo chini, wa satini ya njano. Tuliinua bawa lile hadi vidole vyetu vikaliacha na alama. Binti yake, rika langu, ndiye aliyetushikia kitabu, maana mikono yake ndiyo iliyoaminiwa kuwa safi.

Halafu mume wa jirani akafa. Kule kwetu nyumba ilifuata kazi. Aliyeandikwa kazi akifa, familia ilipewa muda mfupi wa kufunga vitu. Jirani mwenyewe alikuwa kibarua tu, na kibarua hapewi nyumba. Kila asubuhi alisimama kwenye mstari pamoja na wengine, na baba yangu, aliyekuwa nyapara, akapita akinyoosha fimbo: wewe, wewe, wewe rudi kesho.

Mwalimu akapata njia. Nasari ilihitaji msaidizi, na msaidizi aliandikwa kazi. Bibi wa meneja angekuja Ijumaa kuona vitabu, na akivipenda, jirani angebaki kwenye nyumba yake. Laini nzima ilijua. Mimi pia nilijua. Lakini Jumamosi tulikuwa tunaenda Boito kwa nyanya, kwenye harusi, na gauni langu lilikuwa la kijivu, na nilikuwa nimeona kwenye gazeti kuukuu msichana mwenye utepe mwekundu shingoni. Alhamisi, wakati wa mvua, vitabu vikiwa mezani kwa jirani na mwenyewe yuko shambani, nikaingia na kulikata bawa kwa mkasi wake. Nilijiambia bado kitabu kina kuku, na kuku bado ana kifaranga.

Ijumaa yule bibi akafika ukurasa wa mwisho, akatafuta cha kuinua, hakukipata. "Aa, hiki bado hakijakwisha," akasema kwa upole, akakifunga. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Jioni hiyo jirani alimchapa binti yake mlangoni, watu wote wakiona, akisema, "Wewe ndiye unashika vitabu! Ni nani mwingine?" Baba akanigeukia: "Si wewe?" Nikasema si mimi. Nilikuwa na muhindi wa kuchoma mkononi, na nikaendelea kuula. Wiki iliyofuata lori lilibeba kitanda chao kuelekea ziwani. Harusini nilisifiwa sana.

Kutoka kwenye zile laini zilizobomolewa nilienda Litein kwa mwalimu wetu, mzee sasa, nikamwambia yote. Hakunilaumu. Alinipa namba ya simu ya jirani, akatoka nje kuangalia ng'ombe. Nilipiga nikiwa nimesimama. Aliyepokea alikuwa jirani mwenyewe, na nyuma yake cherehani ilikuwa ikikimbia.

"Nyar Nyapara!" akasema nilipojitaja, yaani binti wa nyapara. "Kumbe bado uko?"

Nikamwambia. Hotuba yangu, niliyoipanga vizuri kama makala, iliisha baada ya sentensi mbili.

"Lakini mimi nilijua," akasema. "Wewe ni wa mkono wa kushoto. Mkasi wangu ukishikwa na kushoto unatafuna kitambaa. Nilijua hapo hapo."

"Sasa mbona ulimchapa yeye?"

"Baba yako alikuwa amesimama pale. Kesho yake nilitaka kibarua. Ningesema ni mtoto wa nyapara?"

Nikamuuliza kama binti yake alijua.

"Nilimwambia siku hiyohiyo. Yuko hapa. Ongea naye." Kisha, mbali kidogo na simu: "Ni yule wa majani chai. Anataka kukuomba msamaha."

Cherehani ikasimama. Nikasikia pumzi, yangu au yake. Halafu sauti ya mwanamke mzima ikasema, bila hasira yoyote, "Mwambie ninashona," na cherehani ikaanza tena.

"Umesikia," akasema jirani, akakata simu.