Perike Iliyoangukia Sombe Lac Vert

Niwasimulie mwenyewe, maana huko mtaani mlishaisikia imetiwa chumvi: ndiyo, ni mimi Furaha, yule dada wa dredi aliyepigwa sandale ya kichwa mbele ya sahani za chakula. Ila mkicheka sana nitanyamaza, kwa sababu hasira yangu bado ni ya moto.

Nywele zangu mnazijua. Nilizianza nilipomaliza shule, nikavumilia ule mwaka mbaya ambapo kichwa kinafanana na shamba lililoingiliwa na mbuzi, mama yangu akiniombea kanisani nipate akili. Sijawahi kuziweka nta (nta ikiingia ndani ya dredi haitoki, mtu asikudanganye), mizizi naisokota kwa aloe vera ya pale nyuma ya nyumba, naziosha kwa maji ya mvua, nikishaziosha nazitenganisha moja moja kwenye ngozi zisishikane zikawa kitu kimoja, na nikilala nazifunga kitambaa laini kwa sababu hili vumbi letu jeusi la volkano likiingia humo linakaa kama mwenye nyumba. Leo zinafika kiunoni. Na kuna jambo moja sichezi nalo: dredi mbichi hazifunikwi. Ukizifunika na maji yake zinavunda, zinanuka kama kitambaa cha kudekia.

Basi Kambale, mwanaume niliyekuwa naye (niliyekuwa, sikieni vizuri), akaniambia wazazi wake wameshuka kutoka Butembo, wamefikia kwa kaka yake mkubwa kule mtaa wa Lac Vert, wanataka kuniona Jumapili kabla ya kuanza mambo ya mahari. Nikafurahi kama mjinga. Jumapili asubuhi nimeosha nywele, nimekaa uani nazianika, huyo anaingia na mfuko mweusi. Ndani mna perike, nywele za kuvaa, fupi na laini kama za mtangazaji wa televisheni.

"Cheri, vaa hii leo tu. Mama akiona dredi atasema nimemuletea muvuta bangi."

"Kambale, nywele ziko mbichi."

"Leo tu, Furaha. Nitamuelezea polepole."

Na mimi, badala ya kumrushia mfuko wake usoni, nikakubali! Nikazikunja hizo dredi zote na maji yake, nikazikaza kwa kitambaa mpaka macho yakavutika, nikabandika perike juu, ikakaa kama mfuniko mdogo kwenye sufuria kubwa. Kambale akaniangalia akasema niko muzuri. Muongo tangu asubuhi.

Kule Lac Vert walinipokea vizuri, siwezi kudanganya. Baba yake, muzee mpole, akanipa kiti. Mama yake, mwenye kitenge kipya na sauti ya kuongoza kwaya, akanikalisha karibu naye kabisa. Jua linapiga mabati, bugali inatoa mvuke, na kichwa changu ndani ya ile perike kinachemka chenyewe, kinawasha, na harufu ikaanza. Muzee akavuta pumzi, akauliza kwa upole, "Kuna nguo mbichi hapa ndani?" Watu wakaangalia madirisha. Mimi nikaangalia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani.

Muzee akasimama kuombea chakula, na ile sala ilikuwa ndefu, aliombea barabara ya Butembo, akaombea amani, akaombea mpaka ng'ombe wa jirani, nami nikaona watu wote wamefumba macho, nikachukua mpini wa uma nikaupenyeza chini ya perike nijikune kidogo tu. Kitambaa kikalegea. Dredi moja ikachomoka, nyeusi, yenye maji, ikateleza polepole shingoni kuelekea kwa mama yake, ambaye (nilikuja kujua nimeshachelewa) alikuwa amefumbua macho.

"Nyoka! Yesu wangu, nyoka ku shingo ya mutoto!"

Akavua sandale. Paa! Perike ikaruka, ikatua katikati ya bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na dredi zangu zote zikamwagika mabegani zikidondosha maji kwenye bugali. Majirani, waliosikia nyoka, wakaingia na fimbo. Wakasimama hapo mlangoni wakiniangalia mimi.

Mama yake akamgeukia. "Kambale, hii ni nini?"

Na yule mwanaume, aliyekuwa akinishikia kioo kila nikisokota mizizi, akasema bila hata kumeza mate, "Mama, hata mimi naiona leo. Amenidanganya."

Hapo hapo Kavira, muke wa kaka yake, akatoka jikoni na sahani ya pilipili, akachungulia bakuli. "Eh! Si ile perike yangu uliniomba jana, Kambale?"

Majirani ndio walianza kucheka. Nikangoja mtu mmoja, mmoja tu, amwambie mwanaume huyo neno. Mama yake akavaa sandale yake, akasema, "Basi, tukae tukule, chakula kinapoa."

Nikabeba mkoba wangu nikatoka. Nilipita katikati ya wale wenye fimbo na kichwa wazi, maji yananitiririka mgongoni, nikilia kwa hasira mpaka kwa waendesha moto, zile pikipiki za abiria.

Siku chache baadaye akaja nyumbani, ameshika soda, anatabasamu. "Furaha, mambo yameisha. Mama amekusamehe."

Amenisamehe! Mimi! Nilimuuliza nimekosa nini, akasema nisikuze mambo, nikate kidogo tu nywele, turudi tukasalimie. Nikamfungulia mlango atoke na soda yake.

Kofi la sandale lilipoa siku ileile, dredi niliziosha tena nikazikausha juani mpaka harufu ikaisha. Neno la Kambale, lile "Amenidanganya", ndilo halijaisha. Naapa mbele yenu nyote: sitafunika tena kichwa changu eti kwa sababu mwanaume anamuogopa mama yake. Na wewe unayecheka hapo nyuma, nimekuona.