Saa Sabini na Mbili za Doña Herme na Karatasi ya Mlangoni

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatano. Hermelinda Ojeda, mfagizi wa Shule ya Msingi Alder katika Bonde la Salinas, anafika kwenye mlango mkubwa wa kioo, anaweka ndoo chini, na kabla hata ya kuvua koti anaikagua karatasi iliyobandikwa pale. Pembe zote nne zimeshika.

"Umeamkaje?" anaiuliza.

Karatasi, kwa ustaarabu wa karatasi zote za ofisini, inanyamaza.

Anafuta kioo chote, juu hadi chini, akiizunguka karatasi kama mtu anayefagia huku mtoto amelala mkekani. Zimebaki saa thelathini na nne na dakika ishirini. Ikianguka kabla ya hapo, watoto sitini na wanne watakosa chumba chao cha kusomea.

Chumba hicho kiko nyuma ya maktaba. Kina viti vidogo, zulia la kijani, na Mwalimu Priscila, ambaye huwasikiliza wanaochelewa kujua kusoma, mmoja mmoja. Wazazi wao wengi huondoka gizani kwenda kukata letusi mashambani. Mshahara wa mwalimu huyo, dola elfu thelathini na nane kwa mwaka, hutoka kwenye fungu la watoto wa familia zenye kipato kidogo, na fungu hilo haliguswi mpaka baraza la shule lipige kura.

Baraza lina watu kumi, na Doña Herme, kama anavyoitwa kwa heshima na kila mtu, ni mmoja wao. Wafanyakazi wenzake walimchagua miaka miwili iliyopita kwa kura tisa bila mpinzani, siku ambayo mwenyewe alikuwa amekwenda kuzibua choo cha darasa la tatu.

"Niliporudi wakanipigia makofi," anasema. "Nikadhani ni kwa ajili ya choo."

Ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa milimani Oaxaca, akakaa shuleni miezi mitano, kisha mbuzi wa babake wakahitaji mtu. Alikata letusi miaka kumi na minne mpaka mgongo ukagoma. Sasa analipwa dola ishirini na moja kwa saa, na vioo vya Alder vinang'aa kiasi kwamba ndege wawili wamekwisha kuvigonga wakazimia.

Kiini cha mkasa huu ni kung'aa huko.

Sheria inasema ajenda ya baraza ibandikwe mahali pa wazi saa sabini na mbili kabla ya kikao, la sivyo kura ni batili. Ijumaa saa nane mchana katibu aliibandika mlangoni. Jumatatu alfajiri, ikiwa imetimiza saa sitini na tatu, Doña Herme aliiona selotepu kwenye kioo chake. Akaing'oa, akaikunja mara nne, akaitupa.

Itzel, wa darasa la pili, ambaye mamake humshusha mapema akiwahi shambani, aliichomoa kwenye pipa la taka. Itzel ni mwanafunzi wa chumba cha zulia la kijani. Siku hizi husoma chochote kinachokaa kimya.

"Ta-fa-dha-li... u-si-o-ndo-e," alisoma, kidole kikitambaa chini ya maneno. "Bibi, wameandika usiondoe! Nani kaiondoa?"

"Upepo," alijibu Doña Herme.

Mtoto akaitazama karatasi. "Upepo umeikunja mara nne?"

Doña Herme anasema alideki ukumbi mzima siku hiyo asijue amedeki. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Angeweza kuibandika tena na dunia ingeendelea. Lakini saa tisa alasiri kikao kilipofunguliwa, aliinua mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kuibembeleza mashine ya kahawa.

"Karatasi niliing'oa mimi," alisema. "Chini yake waliandika usiondoe. Sikujua. Sijui kusoma."

Mwenyekiti Yesenia Villaseñor, mama wa watoto watatu na mpakiaji wa brokoli, alibaki na kikombe hewani.

"Doña Herme, weye! Miaka miwili unafungua kurasa pamoja na sisi!"

"Nilikuwa nasikia mnafungua, na mimi nafungua."

Mtu mmoja alicheka, halafu akaacha. Mwalimu Priscila alivuta kiti chake, akakaa karibu naye.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningekuambiaje? Mimi ndiye ninayeinua mkono hapa kuwapigia kura watoto wajue kusoma."

Mkuu wa shule, Bwana Tadlock, mtu mpole anayeogopa sheria kuliko nyoka, alipiga hesabu kwenye kalenda ya ukutani. Mpango wa matumizi ya fungu, ukiwa umepigiwa kura, ulitakiwa wilayani Ijumaa adhuhuri. Ukichelewa, fungu lingepelekwa kwingine. Ajenda ilibandikwa upya saa tisa na dakika ishirini. Kikao kikawekwa Alhamisi saa tisa na nusu. Nafasi ya kukosea ikawa imekwisha.

"Nani ataichunga?" aliuliza Yesenia.

Hilo halikupigiwa kura.

Alhamisi, saa nane na nusu mchana, upepo wa bonde, ambao husukuma hata matoroli ya sokoni, unafika kwa wakati wake. Pembe ya chini inachomoka. Doña Herme anatupa mopu na kuikandamiza karatasi kwa kiganja.

Anasimama hivyo dakika hamsini. Watoto wanatoka. Itzel anamwekea mdomoni kipande cha tamale, andazi la mahindi, maana mikono ina kazi.

"Bibi, ukichoka nikushike wewe au niishike karatasi?"

"Nishike mimi."

Saa tisa na dakika ishirini, Bwana Tadlock anatoka na saa yake mkononi, uso kama wa anayezindua meli. "Sasa, Doña Herme, unaruhusiwa."

Anaing'oa, safari hii taratibu, bila kuikunja. Anakwaruza selotepu kwa ukucha. Kisha anaingia nayo maktabani, ambako mikono kumi inainuka kuupitisha mpango, wake ukiwa bado na alama ya kioo.

Fungu ni la wanafunzi, kwa hiyo yeye haliwezi kumlipia hata penseli. Lakini chumba cha zulia kinahitaji watu wa kuwasikiliza watoto wakisoma, na msikilizaji hakatazwi kufuata maneno kwa kidole. Kuanzia Jumatatu atakaa humo kila alasiri dakika arobaini, baada ya kudeki. Itzel ameshamchagulia kitabu, chenye bata.

Kikao kijacho ni Januari. Anakusudia kuisoma ajenda mwenyewe, mlangoni, kabla ya kuigusa.

"Nikikuta wameandika usiondoe, nitaizunguka na kitambaa," anasema. "Wakisahau kuandika, shauri yao. Kioo ni changu."