Kona ya Jaruba

Mwaka ule mpunga wetu ulikubali, wa jirani ukakataa. Majaruba yetu na yake yamepakana, katikati kuna tuta moja tu la udongo. Tuta lake la upande wa chini lilipasuka mpunga ukiwa unachanua, maji yakakimbia yote, akabaki na makapi yanayometa juani kana kwamba ni mavuno.

Alikuwa mjane, analea wajukuu wawili. Mwanawe alikwenda machimboni Geita na simu yake ilikuwa haipatikani. Mama alinituma kwake mara mbili na ndoo ya mchele, na mara mbili nilirudi nayo.

"Mwambie wabeja sana," alinishukuru kwa Kisukuma, "lakini mimi bado nina mikono."

Mara ya pili aliweka na boga juu ya mchele wetu, ikabidi sisi ndio tushukuru. Boga lilikuwa tamu, na Mama alilila kwa hasira. Alijua wale watoto wanalala na uji mwepesi.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Shinyanga kumalizia riwaya. Jioni moja Mama alitoka kwenye sala ya jumuiya, ambako walikuwa wakisoma Mambo ya Walawi, kitabu ambacho wengi hukisoma huku wanapiga miayo. Yeye alirudi macho yamemtoka.

"Eti usivune pembe za shamba, uwaachie maskini. Wewe uliyesoma, Wayahudi wanaifuataje hiyo?"

Nilikuwa nimewahi kusoma habari hizo, nikamweleza. Kwa sheria yao mwenye shamba haivuni ile pembe akaigawa. Hachagui nani apewe. Anaiacha imesimama, anakaa kando, na mwenye shida anakuja kuivuna mwenyewe. Hata mganda uliosahaulika shambani haurudii, kwa sababu si wake tena. Na ukubwa wa pembe hauna mwisho, ni kadiri ya moyo wako.

"Ila hiyo ni kwa mashamba ya nchi yao," niliongeza.

"Kwani huku Shinyanga Mungu hapajui?"

Tulipovuna, Mama aliacha kona inayopakana na tuta la jirani. Ilikuwa pana kama uwanja wa nyumba yetu.

"Hii ni pembe au ni shamba jingine?" nilimuuliza.

"Si ulisema haina mwisho?"

Siku tatu kona ikasimama peke yake, ya dhahabu, ikiinama kila upepo ulipopita. Ndege wakaanza kuishukia. Nilitaka kwenda kumnong'oneza jirani, lakini Mama alinishika mkono. "Sheria imesema tusichague." Sheria niliyoileta mwenyewe ikawa imenifunga mdomo. Kila asubuhi Mama alisimama njiani akichungulia, kama mtu aliyebandika maharage na wageni wamekwisha fika.

Siku ya nne tulikuta mabua matupu. Mama alipiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo.

Saa sita mchana jirani akaingia uani na kiroba kichwani, wajukuu wakimfuata na mundu.

"Hodi! Mayu, njoo upokee mpunga wako." Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Mpunga gani?"

"Wa kwenye kona! Siku tatu umesimama, ndege wanakula, nikajua mgongo umekushinda. Si ungeniita? Ujirani gani huu wa kufichana?"

Hili sikuwa nimelisoma popote. Kwetu mpunga uliobaki umesimama kwenye shamba lililovunwa ni dalili ya ugonjwa. Watu humvunia mgonjwa, wakampelekea nyumbani. Mama alinitazama kana kwamba Walawi nilikiandika mimi.

"Siupokei," alisema. "Nilichokiacha shambani si changu tena. Imeandikwa."

"Kwa hiyo ni cha bure? Mimi sili cha bure."

"Cha bure kiko wapi? Nani amekata?"

"Mimi."

"Nani amepura?"

"Mimi na hawa."

"Nani amebeba?"

"Si unaiona shingo yangu!"

"Haya. Mimi hapo nimefanya nini?"

Jirani alishusha kiroba, akafikiri. "Wewe umeumwa mgongo," akasema.

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Na katikati ya kicheko nikaielewa ile sheria niliyokuwa nimeieleza kwa mbwembwe. Ndoo yetu ilifika mlangoni kwake ikiwa imekwisha maliza kazi yote, mikono yake haikuwa na nafasi. Kona iliihitaji mikono ile.

"Basi nitwisheni," alisema hatimaye.

Alipanga kata ya kitambaa kichwani, Mama akashika upande mmoja wa kiroba, mimi mwingine, tukamtwika. Alipofika njiani aligeuka mwili mzima, shingo imenyooka.

"Na mwakani mgongo ukianza, uniambie mapema!"

Mama, ambaye sijapata kumsikia akilalamikia mgongo hata siku moja, alijishika kiuno.

"Nitakuambia, mayu."